Mgonjwa hupiga hesabu kabla ya kufika kwetu

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo, waganga wafawidhi, watoa dawa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Ndugu wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, waganga wafawidhi, watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi wenyeviti wa vijiji mlioacha mashamba yenu msimu kama huu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni namna mgonjwa anavyochagua pa kwenda anapougua mafua, homa, kuharisha, kichwa, yale tunayoyaita magonjwa madogo. Katika vikao vyetu mada hii huanza na lawama. Tunasema wananchi hawana elimu, wanakimbilia duka la dawa, zahanati wanakuja mambo yakishaharibika. Kisha mmoja wetu huongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kikao kinaendelea na ajenda nyingine.

Lakini huyo mtu hakuficha chochote. Aliamka, akamweleza jirani, akanunua panadol, akakanda kwa maji, akauliza nani anakwenda mjini. Alikuwa anatafuta tiba tangu saa ya kwanza, ila hakuanzia kwetu. Na kwa nini hakuanzia kwetu ni hesabu ambayo ukiiandika kwenye karatasi utaona ina mantiki.

Tuiandike basi. Tuseme mama ana mtoto wa miaka mitatu, amepata homa tangu jana jioni. Zahanati ipo kilomita sita. Bodaboda ni shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kwa sera yetu mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure, kwa hiyo kwenye makaratasi yetu safari hii haina gharama. Yeye anaona 4,000 za usafiri, siku ya palizi iliyopotea, na mtoto mwingine atakayebaki na bibi. Anafika saa 3 asubuhi, anakaa foleni, mtoto anapimwa, anaandikiwa dawa, anakwenda dirishani. Dirishani anaambiwa: "Hii imeisha, kanunue." Anapanda bodaboda na kile cheti mpaka duka la dawa, na duka lenyewe ni lile lililo hatua mia mbili kutoka kwake.

Mara ya pili mtoto akipata homa, mwenye akili timamu ataanzia wapi?

Ndiyo maana nasema swali la mgonjwa mwenye ugonjwa mdogo si nani mtaalamu zaidi. Anajua kabisa kwamba tabibu amesoma kuliko mtoa dawa. Anauliza ni wapi nitatoka na dawa mkononi leo hii, nirudi kazini, bila kusimangwa. Hayo matatu, yaani uhakika wa dawa, muda, na heshima, ndiyo yanayopimwa. Fedha ipo, lakini mara nyingi inakuja ndani ya hayo.

Na milango ya kuchagua ni mingi kuliko zamani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati ya serikali au ya misheni ndiyo iliyokuwa tegemeo la kijiji, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Zikarudishwa 1991, uchangiaji wa gharama za matibabu ukaanza 1993, na maduka ya dawa baridi yakaenea kila senta. Mwaka 2003 ukaanza mkoani Ruvuma mpango wa kuyabadili kuwa maduka ya dawa muhimu, yenye mtoa dawa aliyepata mafunzo na orodha ya dawa anazoruhusiwa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Mwaka 2007 MMAM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ikaja na ahadi ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwa hiyo mgonjwa wa leo ana duka, zahanati, dispensari binafsi, hospitali ya wilaya, mganga wa tiba asili, na mpwa wake anayefanya kazi famasi mjini, ambaye huulizwa kwa simu kabla ya sisi sote.

Nikianza na dawa kuisha, maana hapo ndipo tunapoteza watu wengi. Kamati ina kazi hapa ambayo haihitaji shahada. Kila mnapokutana, mwombeni mganga mfawidhi alete leja, mtazame vitu vitano tu: dawa mseto ya malaria, kipimo cha malaria cha haraka, amoksilini ya kuyeyuka ya watoto, ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) pamoja na zinki, na parasetamoli. Msiulize "zipo?" Jibu litakuwa zipo. Chukueni salio, gawanyeni kwa matumizi ya mwezi. Vidonge 1,800 vya parasetamoli vinaonekana vingi kabatini, lakini zahanati inayotumia 1,500 kwa mwezi ina dawa ya wiki tano. Kama mzigo wa Bohari ya Dawa una kawaida ya kuchukua zaidi ya hapo, tayari mmechelewa, na utaratibu wa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo la Bohari, unapaswa kuanza leo, si siku rafu ikiwa tupu. Na angalieni wiki za mvua, maana matumizi ya mseto mwezi wa tano hayafanani na ya mwezi wa tisa. Anayeagiza kwa wastani wa mwaka mzima ataishiwa kila masika.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu dirisha la dawa. Mwambieni mgonjwa kabla hajapanga foleni. Ubao mlangoni, chaki, mstari mmoja: leo mseto wa watoto haupo. Wengine wanaogopa kwamba watu wataondoka. Wataondoka, ndiyo. Lakini ataondoka mtu asiyekasirika, na kesho ukimwambia ipo ataamini.

Muda nao. Zahanati nyingi huduma ya kawaida ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na baada ya hapo ni zamu ya dharura. Kibarua anayelipwa kwa siku anaugua saa ngapi? Anaugua saa zote, ila anapata nafasi ya kushughulikia ugonjwa wake jioni akishalipwa. Saa hiyo kilichofunguliwa ni duka. Mwanaume wa miaka thelathini mwenye kikohozi hamtamwona zahanati hata mkibandika mabango mia. Akikohoa wiki mbili anapaswa kupimwa kifua kikuu, na mtu pekee wa afya aliyekutana naye katika wiki hizo ni mtoa dawa, aliyemuuzia dawa ya kikohozi mara tatu. Mtoa dawa asiposema "hii ni chupa yako ya pili, tangu lini unakohoa?" hakuna mwingine atakayesema.

Vijana wana hesabu yao tofauti, nayo ni ya siri. Mwenye kuwashwa au kutokwa na usaha sehemu za siri hachagui duka la karibu. Anachagua la mbali, ambako muuzaji hamjui mama yake. Zahanati ambayo chumba cha tabibu hakina mlango, na majina yanaitwa kwa sauti pamoja na tatizo, haitapata kijana hata mmoja. Mlango wa mbao ni nafuu kuliko semina.

Sasa niseme jambo ambalo litawagusa ndugu zangu wa dispensari na maabara. Mgonjwa huenda pia kule anakokutwa na ugonjwa. Amekwenda zahanati ya serikali na homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, tabibu akamwambia ni virusi, pumzika, kunywa maji, meza panadol. Ni ushauri sahihi kabisa, na mgonjwa ameondoka akijiona hakutibiwa. Anakwenda mahali pengine, anapimwa vitu vinne, anatoka na karatasi: ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi, sindano siku tano. Homa inashuka siku ya tatu, kama ambavyo ingeshuka tu. Nani kashinda hapo?

Tuvitazame vipimo hivyo kwa karibu. Kipimo cha Widal hutafuta kinga ya mwili dhidi ya taifodi. Aliyewahi kuugua zamani anaweza kuwa na kinga hiyo, na hata maambukizi mengine yanaweza kukifanya kionekane chanya. Kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi kumpa mtu taifodi. Cha uhakika ni kuotesha damu, na hicho zahanati haina. Mkojo nao: kikopo hakikuwa safi, mgonjwa hakuambiwa aachie mkojo wa mwanzo kisha akinge wa katikati, sampuli ikakaa mezani saa mbili kwenye joto. Kitakachoonekana humo ni vijidudu vya ngozi na vya kikopo. Mtu asiyesikia maumivu wala kuungua akikojoa, halafu kila akipata homa anaambiwa ana UTI, huyo anatibiwa karatasi.

Hata kipimo chetu cha malaria cha haraka kina mtego wake. Vingi vya vipimo hivyo hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyemeza mseto wiki mbili zilizopita anaweza kuonekana chanya tena bila kuwa na malaria mpya. Kwa hiyo swali "ulimeza dawa ya malaria lini mara ya mwisho?" linatakiwa litangulie kabla ya kutoboa kidole. Na kipimo kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo yake, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Anayekitazama baada ya dakika tano kwa sababu foleni ni ndefu hajapima.

Dawa ya tatizo hili siyo kuwakataza watu kwenda binafsi. Ni namna ya kusema. Badala ya "huna kitu", tabibu amwambie: nimepima malaria, haipo, nimesikiliza kifua, kipo sawa, hii homa inatokana na mafua, itakusumbua siku tatu nne, kikohozi kinaweza kuvuta hata zaidi ya wiki, ukiona hivi na hivi rudi, hata usiku. Maneno yasiyozidi dakika moja na nusu, na mgonjwa anaondoka na jina la ugonjwa, muda wake, na alama ya kurudi. Mgonjwa asiyepewa jina la ugonjwa atakwenda kulinunua.

Nije kwa watoa dawa, ambao kwa kweli ndio zahanati ya kwanza ya nchi hii, tupende tusipende. Mteja wako anakuja na pesa, haji na dalili. Anasema "nipe dawa ya kichwa ya mia tano." Hapo pana njia mbili: kukata vidonge na kupokea noti, au kuuliza. Maswali hayazidi sita. Nani anaumwa, wewe au umetumwa? Ana umri gani, na kama ni mtoto, uzito? Tangu lini? Nini kingine anasikia? Ameshameza nini? Kama ni mwanamke, ana mimba au ananyonyesha? Swali la kwanza ndilo linalosahaulika kuliko yote, maana anayesimama kaunta mara nyingi ni mtoto wa darasa la nne aliyetumwa.

Penye kuharibika sana ni dozi. Mseto wa mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea ni vidonge 24: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, na vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Kinachotokea ni kwamba siku ya pili homa imeshuka, vidonge vinane vinawekwa kwenye kopo kwa ajili ya "safari nyingine", na safari nyingine vinapewa mtoto. Amoksilini ndiyo balaa zaidi. Dozi ya mtu mzima ya mbili mara tatu kwa siku tano ni kapsuli 30 za miligramu 250. Mteja ana hela ya kumi. Ukimuuzia kumi kwa mafua, umemuuzia dawa ambayo haiui virusi vya mafua, na kwa kiasi kinachowafundisha bakteria wengine kuizoea. Kama kweli anaihitaji, apate yote au aelekezwe zahanati. Kama haihitaji, muuzie parasetamoli, mwambie asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na aangalie kama ile dawa ya mafua aliyonunua jana haina parasetamoli ndani yake. Zipo nyingi zenye nayo.

Kuharisha kwa mtoto, tafadhali, kusitibiwe kwa antibayotiki ya flajili. Kuharisha maji kusiko na damu kunahitaji ORS na zinki. Someni pakiti: nyingi ni za lita 1 ya maji safi, yaani chupa mbili za maji za nusu lita. Kosa la kila siku ni kumimina nusu pakiti kwenye kikombe kwa makadirio. Inakuwa chumvi tupu, mtoto anaitapika, mama anasema ORS haimfai. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa wake 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subirini dakika kumi mwendelee polepole. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa wa chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya pili. Na mama akisema amepanga kumpeleka mtoto kung'olewa "meno ya plastiki", msicheke. Mwonyesheni kwamba kile kivimbe cheupe kwenye ufizi ni jino la chonge linalokuja, na kwamba kulichokonoa kwa kifaa kichafu kunaleta damu na maambukizi kwa mtoto ambaye tayari ameishiwa maji.

Kikohozi cha mtoto kina kipimo ambacho hakihitaji maabara, na kila mtoa dawa na kila mhudumu wa jamii anakiweza. Mtoto atulie mapajani kwa mama yake, asiwe analia wala ananyonya. Nguo ifunuliwe kifuani. Weka saa ya simu dakika moja kamili, hesabu kifua kinavyopanda. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne kunadanganya, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi miwili, 60, na huyo kwa hali yoyote haishii dukani. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu wakati anavuta hewa, aende bila kujadiliana.

Na hapa ndipo neno "ugonjwa mdogo" linapotuponza. Udogo wa ugonjwa hujulikana ukishapita. Siku ya kwanza homa ya mafua na homa ya malaria kali zinafanana. Hatuwezi kumtaka mama ajue ugonjwa, tunaweza kumtaka ajue alama. Mtoto hanyonyi wala hanywi, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea haamki vizuri. Moja tu kati ya hizo, safari ya dukani imekwisha.

Degedege linahitaji busara zaidi. Ukanda wa pwani na bonde la Kilombero wazazi wengi wamelihesabu kwa vizazi kuwa si ugonjwa wa hospitali, na ipo imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Mhudumu anayefika na kuanza kubishana na bibi juu ya mashetani amepoteza nusu saa ambayo mtoto hana. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, si dawa, si kijiko, si maji, na safari ianze. Bibi akitaka kufuatana nanyi na hirizi yake, apande. Zahanati ianze dozi ya kwanza ya atesuneti, sindano ya malaria, kama ni malaria kali, kabla ya kumpeleka mbele. Waganga wa tiba asili wanatambuliwa kwa sheria ya mwaka 2002, wana baraza lao. Waiteni kwenye vikao hivi, kwa sababu mtoto wa degedege wanamwona wao kwanza.

Kuhusu bima nitasema kwa ufupi. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Mwenye kadi akikosa dawa mara mbili, hatabishana nanyi, hatahuisha tu. Mkitaka kujua wananchi wanaionaje zahanati yenu, hesabuni waliohuisha, msihesabu waliojiunga.

Nimalizie na karatasi ya rufaa kutoka dukani, maana ndicho kitu ninachoomba kitoke kwenye kikao hiki. Kipande cha karatasi, vinne kwa A4 moja, kinatosha. Kiandikwe umri na uzito, tatizo na siku lilipoanza, dawa aliyopewa pamoja na kiasi na saa, na sababu ya kumtuma. Bila hiyo saa ya dawa, tabibu anaweza kurudia parasetamoli aliyopewa mtoto saa moja iliyopita. Nakala moja ibaki dukani, ili mwisho wa mwezi mtoa dawa na mganga mfawidhi walinganishe wangapi walitumwa na wangapi walifika.

Waganga wafawidhi, mgonjwa akifika na karatasi hiyo asikaripiwe kwa kuanzia dukani. Aliyekaripiwa ataanzia dukani vilevile, ila hatawaambia tena alimeza nini, na hilo ndilo mnalolihitaji zaidi. Mwenye karatasi aonwe kwanza, kabla ya foleni ya kawaida. Mkilifanya hilo wiki mbili, habari itafika sokoni bila tangazo.

Kamati ziamue leo mambo mawili. Uchapaji wa karatasi hizo utatoka fungu gani. Na siku ya gulio, zahanati iliyo karibu ibaki wazi hadi saa 12 jioni, na mtumishi atakayebaki apumzike asubuhi inayofuata. Namba ya simu ya aliye zamu ibandikwe kwenye kaunta ya kila duka la dawa la kata, upande wa ndani ambako mtoa dawa anaiona. Katibu ana rasimu ya ratiba hapo mezani, naomba mpitie majina yenu kabla ya chai.

Asanteni kwa kunisikiliza.